Vibao Vilivyohama

"Namba hii si ya gari hili," alisema mtahini.

Alisema taratibu, kama mtu anayesoma bei dukani. Wakili alikuwa amesimama nyuma ya gari lake kwenye uwanja wa majaribio ya udereva, kifua mbele, stakabadhi ya kodi ya gari mkononi, akingoja kusifiwa.

"Samahani mheshimiwa, sijasikia vizuri."

"Umesikia." Mtahini alikuwa mwanamke mwembamba, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni. Aligonga kibao cha nyuma kwa kalamu. "Stakabadhi uliyonionyesha inaishia na nne. Kadi ya gari inaishia na nne. Hapa pameandikwa tano."

Wakili aliinama. Akatazama, akafuta macho kwa kiganja, akatazama tena. Ilikuwa tano. Tano nene, nyeusi, inayong'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Akazunguka mbio mpaka mbele ya gari, akapiga goti kwenye kokoto. Tano tena.

"Haiwezekani!" alipiga kelele. "Hili ni gari langu! Nimelala nalo, nimeamka nalo!"

"Sijasema si gari lako. Nimesema namba si yake." Mtahini akaondoa karatasi moja kwenye ubao wake na kuipeleka chini kabisa ya zile nyingine. "Gari lenye namba ya gari lingine halifanyiwi mtihani. Anayefuata!"

Huyu Wakili hakuwa wakili. Alikuwa dereva wa teksi, na jina hilo alipewa kijiweni kwa sababu hakuna ubishi aliowahi kuuacha uishe kabla hajashinda. Na katika mambo yote aliyobishania, hakuna alilolishikilia kama kodi ya gari. Sheria yake alikuwa nayo kichwani. Ukiomba kodi mpya kabla ile ya zamani haijaisha, unaruhusiwa kuendesha kwa stakabadhi mpaka stika ya kubandika kiooni itoke. Ukiomba baada ya kuisha, stakabadhi yako ni karatasi kama karatasi nyingine, na gari linakaa nyumbani kungoja. Yeye aliomba mapema. Alikuwa mtu wa mapema. Aliihubiri sheria hiyo mezani, kijiweni, hata msibani mara moja, na hasa aliihubiri mbele ya kaka yake.

Kaka yake aliitwa Kesho, na mtaani hakuna aliyeuliza sababu ya jina hilo.

Ndugu hawa wawili walinunua magari yao siku moja, kutoka kampuni moja ya usafiri iliyokuwa inafunga milango. Yalikuwa meupe yote mawili, ya aina moja, yaliyosajiliwa kwa kufuatana, hata namba zake zilitofautiana tarakimu ya mwisho tu. La Wakili lilikuwa nne, la Kesho lilikuwa tano. Kila mtu alilijua lake kwa ufunguo, kwa mkwaruzo wa mlangoni, kwa kiti kilichochukua umbo la mgongo wake. Kibao hawakukitazama. Nani husoma kibao cha gari lake mwenyewe?

Ndani ya gari hilo lenye tano, kwenye kiti cha dereva, alikuwa amekaa mama yao.

Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, vioo vimefungwa, midomo inacheza. Alikuwa anajikumbusha: kioo cha juu, kioo cha pembeni, ishara, kichwa. Wakili alikuwa amemwambia asitoke mpaka aitwe, naye hakutoka. Hakusikia lolote lililosemwa nyuma.

Mama huyu alikuwa mpishi wa shule ya watoto wadogo tangu wanawe wakiwa wenyewe watoto wadogo. Alisimama mbele ya masufuria mpaka magoti yakaanza kumlilia. Muhula huu shule ilinunua gari dogo la kubebea watoto, na mwalimu mkuu akamwita ofisini. "Watoto wanakupenda na wazazi wanakuamini," alimwambia. "Kiti cha dereva ni chako ukileta leseni kabla shule haijafunguliwa. Usipoleta, nitaajiri mtu mwingine, na wewe utabaki jikoni." Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Leo ilikuwa Ijumaa. Majaribio mengine yalikuwa mwezi ujao.

Wakili ndiye aliyemfundisha. Walifundishana kwa makelele, mama akimtishia kofi kila alipoambiwa "achia klachi polepole", lakini akajifunza. Akajifunza vizuri kuliko wanafunzi wengi waliokuwa wanalipia shule ya udereva.

"Mheshimiwa, tafadhali," Wakili alisema sasa, akimfuata mtahini hatua kwa hatua katikati ya koni. "Mama yangu hana kosa. Mpime, mimi nibaki hapa mnifunge pingu."

"Sipimi mtu, napima mtu ndani ya gari. Ongea na afande."

Afande wa usalama barabarani alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyechoka kusema "hapana". Alisogea, akasoma kibao, akaandika namba kwenye kimashine chake. Akasubiri. Uso wake ukabadilika.

"Gari lenye namba hii kodi yake imekwisha tangu mwezi uliopita," alisema. "Maombi mapya yaliletwa Jumatatu, yamechelewa. Haliruhusiwi barabarani mpaka stika itoke."

"Langu nimeomba mapema! Wiki iliyopita! Stakabadhi hii hapa!"

"Stakabadhi yako ni ya nne, kijana. Mimi nasoma tano." Alimgeuzia kimashine. "Mwenye namba hii unamfahamu?"

Wakili alisoma jina lililoandikwa pale. Akalisoma mara ya pili, herufi kwa herufi. Lilikuwa jina la mtu wa tumbo moja na yeye.

Ndipo moto ukawaka. Kila kitu kilimjia kwa pamoja, na kila kitu kilionekana wazi kama mchana. Kesho kodi yake imekwisha. Kesho anajua mdogo wake amelipa mapema. Kesho ana bisibisi. Basi amevua namba safi akajivika mwenyewe, na ile yenye uchafu akamvika ndugu yake! Sasa yupo mjini anabeba abiria kwa jasho la mwenziwe, na mama amekaa hapa akikariri vioo.

Akatoa simu.

"Mdogo wangu, vipi, mama ameshapita?" ilisema sauti ya Kesho, yenye usingizi kama kawaida.

"Mwizi!" Wakili alinguruma. Watahiniwa wote kwenye foleni wakageuka. "Mwizi wa namba! Mwizi wa mama yako mzazi! Umekosa wa kumwibia mji mzima mpaka uniibie mimi?"

"Unaongea nini wewe? Umekunywa?"

"Toka nje ukasome kibao cha gari lako! Kasome kama unajua kusoma! Umevaa nne yangu, umenipa tano yako iliyooza, na afande yupo hapa, na mtihani wa mama umefutwa! Umesikia? Umefutwa!"

Wakili alisikia mlango ukifunguliwa, nyayo, kisha pumzi. Pumzi ndefu.

"Ee Mungu," alisema Kesho.

"Mungu gani unayemwita? Mungu wa bisibisi?"

Mwanamke mmoja kwenye foleni alicheka, akaziba mdomo. Afande alinyoosha mkono.

"Nipe hiyo simu." Aliichukua na kwenda nayo kivulini. Wakili aliona mgongo wake tu, na kichwa kikitikisika kidogo, kama mtu anayeeleza jambo ambalo hataki kulirudia. Aliporudi alimpa simu ikiwa imekatwa.

"Amesemaje?"

"Hajasema. Alinisikiliza, akakata."

"Nilijua! Amekimbia!" Wakili alipiga paa la gari kwa kiganja. "Si mlete wenzenu wakamkamate nyumbani? Au avue vibao ampe mtu wa pikipiki aje navyo, basi, niondoke!"

"Kibao kilichobebwa mkononi ni kibao cha wizi," alisema afande. "Vibao virudi mahali pake mbele ya macho yangu, magari yote mawili yakiwepo, nisome na namba za chesisi. Pasipo hivyo, hili nalo litavutwa."

Mtahini alipita na mtahiniwa mwingine. Hakusimama. "Foleni ikiisha nafunga kitabu," alisema. "Mimi sina ndugu hapa."

Foleni ilikuwa fupi. Ilizidi kuwa fupi. Gari moja lilitoka likarudi, kijana akashuka akiruka. Jingine likatoka, likaparamia koni, likarudi kimya. Wakili alisimama katikati ya uwanja akiwa ameshika kiuno, akimlaani kaka yake kwa sauti, akimweleza kila aliyekubali kusikiliza jinsi mtu anavyoweza kulala chumba kimoja na nyoka tangu utotoni asijue. Hakuthubutu kumtazama mama. Mama alikuwa bado amekaa vilevile. Alikuwa ameshusha kioo kidogo kwa ajili ya hewa.

"Mwanangu," aliita, "mbona walio nyuma yetu wanaingia kabla yetu?"

"Kuna karatasi wanamalizia, mama. Kaa tu."

"Karatasi si ulisema ziko sawa?"

Wakili, ambaye hakuwahi kukosa jibu tangu aote meno, aliinama akajifanya anakagua tairi.

Ndipo gari jeupe likaingia langoni.

Liliingia polepole, likiwasha ishara kama inavyotakiwa, na likaegeshwa sambamba na la Wakili, bampa kwa bampa. Mbele yake palikuwa na nne. Nne ya Wakili, safi, inang'aa. Kesho alishuka akiwa amevaa kandambili na fulana ya kulalia. Nywele zake zilikuwa zimelala upande mmoja.

Wakili alimrukia ukosi. "Umethubutu! Umethubutu kuja nayo kifuani!"

"Niachie, mdogo wangu. Na wewe unayo yangu matakoni."

"Uliibadilisha lini? Sema mbele ya watu!"

"Sijabadilisha kitu. Nimeiona leo uliponiambia. Nimeshtuka kuliko wewe."

"Mwongo!"

Mlango wa gari ulifunguka. Mama alishuka. Alitazama mkono wa mdogo kwenye ukosi wa mkubwa, na mkono ule ukaachia wenyewe. Kisha akatazama chini, kwenye mabampa mawili yaliyokaa pamoja. Nne. Tano. Akatazama gari moja, akatazama la pili. Rangi ikamtoka usoni.

"Jumamosi," alisema.

"Jumamosi nini, mama?"

Alijishika shavu. "Jumamosi niliviosha."

Mtaani kila mtu alijua namna mama huyu alivyoosha magari ya wanawe. Aliyaosha kama masufuria. Hakuvumilia tope linalojificha, na tope, alisema, hupenda kujificha nyuma ya vibao na kuozesha skrubu. Kwa hiyo kila Jumamosi alivitoa vyote kwa bisibisi, akavisugua kwa dodoki na sabuni ya unga, akavianika ukutani, kisha akavirudisha. Wanawe walimcheka, yeye akawaambia wacheke wakiwa wamekaa kwenye magari safi.

"Ulivitoa vyote vinne?" aliuliza Wakili. "Ukaviloweka pamoja?"

"Sasa niviloweke kimoja kimoja kama wagonjwa?" Sauti yake ilitetemeka. "Lakini sivichanganyi mimi! Vya gari la langoni naviweka kulia, vya gari la bombani kushoto. Vikikauka, vya langoni vinarudi gari la langoni. Wewe unaegesha langoni kwa sababu unatoka mapema, kaka yako bombani kwa sababu anachelewa. Tangu mlipoyanunua hayajawahi kuhama."

Kesho alifumba macho.

"Niliyahamisha, mama," alisema.

"Uliyahamisha?"

"Ulikuwa jikoni, vibao umevianika ukutani, huyu amelala. Nilichukua funguo zote mbili nikayahamisha. Nilitaka langu liwe langoni, ili Jumatatu niwahi ofisi ya kodi kabla ya foleni."

Hata afande alibaki mdomo wazi. Siku moja tu katika maisha yake mtu huyu alitaka kuwahi, na hii ndiyo iliyotoka.

Wakili alijiona amesimama juu ya kokoto zile na maneno yake yote yakiwa yamemzunguka. Mwizi. Nyoka. Mwizi wa mama yako. Watu wa foleni walikuwa wanamtazama yeye sasa, si kaka yake.

Afande alikohoa. Alifungua boneti zote mbili, akasoma namba za chesisi kwa tochi ya simu, akalinganisha na kadi, akatikisa kichwa kukubali. "Ni kweli, vibao tu ndivyo vilivyohama. Nitaandika kuwa ni kosa la nyumbani. Virudisheni, la nne liingie kwenye mtihani." Kisha akamgeukia Kesho, na sauti yake ikashuka. "Nilikwambia kwenye simu kwamba gari lako likifika hapa nalivuta?"

"Ulisema, afande."

"Nilikwambia ukilibakisha nyumbani siwezi kukufuata, uje wiki ijayo na maelezo?"

"Ulisema."

"Na ukaja."

"Nimekuja."

Wakili alimtazama afande, akamtazama kaka yake, kama mtu anayesubiri mmoja wao aseme ilikuwa mzaha. Kesho alijua! Alisimama nyumbani na gari limetulia uani salama, akajua kwamba akikaa kitako hapotezi kitu, ni mama atakayepoteza. Na gari lile ndilo lililomlisha yeye, mkewe na mtoto anayeanza kutambaa. Magari yanayoingia kwenye yadi ya polisi hayatoki upesi; yanakaa huko yakipigwa jua na faini. Alijua yote hayo akawasha injini, huku tusi la mdogo wake bado limo sikioni.

Mama naye alikuwa ameelewa.

"Hapana," alisema. "Hapana, hapana. Afande, muache aondoke nalo. Mimi sitaki tena mtihani. Nitarudi kwenye masufuria yangu, nimeyazoea."

"Limeshafika, mama," alisema afande, bila kumtazama. "Nimeshaliona."

"Basi geuza macho! Huna mama wewe?"

"Ninaye. Na yeye hupenda niandike ninachokiona."

Kesho alikuwa ameshachutama. Alitoa bisibisi kwenye mfuko wa kaptura na kuanza kufungua kibao cha mbele cha gari lake, kile cha nne. "Mama, rudi ndani ukae," alisema akiwa amempa mgongo. "Nyumba hii tangu izaliwe haijawahi kuwa na dereva wa heshima hata mmoja. Una kichaa huyu, na una mimi. Angalau awepo mmoja wa kuonyesha wageni."

"Mwanangu, gari lako."

"Ni bati, mama. Rudi ndani. Kioo cha juu, kioo cha pembeni. Si ndivyo alivyokufundisha huyu mpiga kelele?"

Wakili alipiga magoti karibu naye. "Kaka," alisema. Neno la pili halikuja. Alikuwa na maneno ya kila mtu, ya askari, ya abiria wakorofi, ya mafundi wezi, na kwa mtu huyu mmoja alilonalo lilikuwa neno moja. "Kaka."

"Shika kibao kisianguke. Usiongee."

Walifungua vibao vinne na kufunga vibao vinne, afande amesimama juu yao. Skrubu zilitoka kwa urahisi, hazikuwa na kutu hata moja. Skrubu ya mwisho ilipokaza, gari la kuvuta lilikuwa limeshaingia langoni kwa kurudi nyuma, likilia ti-ti-ti, mnyororo ukining'inia. Mtahini alikuja na ubao wake. Alitazama gari la nne, akatazama stakabadhi, akachora alama.

"Mama," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa na mtu ndani yake. "Unaweza kuendesha? Kama huwezi, sema. Sitakulaumu, lakini tarehe nyingine ni mwezi ujao."

Mama alikuwa anatazama mnyororo ukifungwa chini ya gari la mwanawe mkubwa. Alijipangusa uso kwa upindo wa kitenge, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Naweza," alisema. Akaingia, mtahini akakaa kando yake.

Kilichofuata ndugu wale wawili walikitazama wamesimama bega kwa bega, hawana la kufanya. Gari la kuvuta lilitangulia, likiinua pua ya gari la Kesho hewani, magurudumu ya nyuma yakizunguka kwa uvivu. Na kwa kuwa barabara ya kutokea uwanjani ilikuwa moja tu, mama akatoka nyuma yake. Nyuma yake kabisa. Walimwona akiwasha ishara ya kushoto, akageuza kichwa kulia, kushoto, kulia tena. Mbele ya kioo chake, kubwa kama ukuta, lilikuwa gari la mwanawe likiburutwa.

"Atalia," alinong'ona Wakili. "Akilia haoni. Asipoona amekwisha."

"Hatalia."

"Unajuaje?"

"Anaendesha," alisema Kesho. "Mama akiwa kazini umewahi kumwona analia?"

Magari mawili yakaingia barabarani, moja likivuta, moja likiachia nafasi ya kutosha, na yakapotea nyuma ya ukuta.

Kesho alikaa kwenye tofali, akavua kandambili moja akatoa kokoto. Alimtania afande akimuuliza kama tumbo lake lina kodi au limechelewa kuomba. Afande akacheka. Wakili hakuweza kucheka. Kila alipotaka kusema kitu alimwona kaka yake anatazama lango, basi naye akatazama lango.

Gari la nne lilirudi peke yake. Liliingia, likazunguka koni, likarudi nyuma kati ya mistari miwili bila kuigusa, likazimwa. Mtahini alishuka kwanza. Alisimama kando ya mlango akiandika, akachana karatasi, akampa mama kupitia dirishani.

"Amepita," aliwaambia wale wawili, karibu kwa hasira. "Kwenye makutano nilimwambia apinde kulia, tuachane na lile gari. Nilitaka kumsaidia. Aliniuliza kwanza kama yadi ya polisi iko moja kwa moja. Nikamwambia ndiyo. Akapinda kulia, vizuri kabisa. Kadi yake itatoka wiki mbili zijazo. Mpaka itoke, hiyo karatasi ndiyo leseni yake. Tangu sasa hivi."

"Tangu sasa hivi?" aliuliza Wakili.

"Nimesema kwa lugha gani?"

Mama hakuwa ametoka kwenye kiti. "Ingieni," alisema. "Twende yadi tukajue wanataka nini."

Wakili alizoea kukaa mbele. Leo alifungua mlango wa nyuma, akaingia pamoja na kaka yake. Walikaa magoti yakigusana, kama enzi za kupelekwa kupimwa nguo za shule. Mama aliondoa gari. Klachi iliachia polepole, bila mshtuko.

Mjini palikuwa na msongamano wa mchana. Mama aliacha watu wapite, aliacha mikokoteni ipite. Dereva mmoja alimpigia honi na kumwita bibi. Wakati wowote mwingine Wakili angeteremsha kioo na kumtolea huyo mtu ukoo wake wote. Leo alikuwa anatafuta namna ya kuanza mazungumzo na kaka yake.

"Tutagawana gari hili," alisema mwishowe. "Asubuhi yako, jioni yangu. Mpaka lako litoke. Hata kama ni mwaka."

Wakili alidhani Kesho hakusikia, akageuka.

Kaka yake alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo, na mabega yalikuwa yanaruka. Hakutoa sauti. Mkono wake mmoja ulikuwa umeziba mdomo, na machozi yalikuwa yanapita katikati ya vidole. Mtu huyu alizika baba yake akiwatania wachimba kaburi. Alivunjika mguu akawauliza madaktari kama wamebakiza wa akiba. Wakili hakuwahi kumwona hivi, hata mara moja, na alishtuka kuliko aliposhtuka kwa namba, kuliko kwa afande. Hakujua mkono wake auweke wapi. Akauweka juu ya goti la kaka yake, ukakaa pale kama kitu cha mtu mwingine.

Mbele, mama alikuwa ameona kwenye kioo cha juu.

Hakugeuka. Alitazama kioo cha pembeni. Akawasha ishara. Aligeuza kichwa kidogo kuangalia bega, akasubiri pikipiki ipite, akapunguza mwendo, akasogea pembeni, akasimamisha gari kando ya barabara sambamba na ukingo. Akavuta breki ya mkono. Akazima injini.

Kisha akafungua mkanda, akageuka mzima mzima kwenye kiti, akanyoosha mikono yake yote miwili nyuma, akamvuta mwanawe mkubwa kichwa mpaka begani pake.